Shangazi Aliandika Alichoambiwa

Kama unataka kudanganywa kuhusu kiuno chako, usiende kwa Shangazi. Mafundi wa kukubembeleza wako tele. Watakwambia umepungua, kisha watakuachia nafasi pembeni kimyakimya ili nguo ikutoshe. Shangazi atazungusha tepu, atasoma, atakutazama usoni na kusema, "Mama, tumeongezeka. Nishone ya mwili huu au ya ule wa mwaka jana?" Wateja hununa, wengine huapa hawarudi tena. Hurudi, kwa sababu nguo ya Shangazi ikikukaa imekukaa.

Namba yenyewe, hata hivyo, haitamki. Vipimo vya mwanamke kwake havisomwi kwa sauti, hata mumewe akiwa amesimama hapo, hata mama yake mzazi. "Siri ya mtungi aijuaye kata," husema, pini zikiwa mdomoni, "na mimi ni kata." Nimeishi naye tangu baba yangu, kaka yake, alipofariki, na sijawahi kumsikia akisema uongo wala akitoa siri ya mtu. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana kwa miaka mingi katika kile chumba chake cha mbele, kati ya cherehani mbili, meza ya kukatia, sanamu isiyo na kichwa, na pazia la maua ambalo wateja hubadilishia nguo nyuma yake.

Kompyuta ilitoka kwangu. Mimi ni fundi wa kompyuta, na Shangazi alikuwa amechoka kuandika vipimo kwenye vipande vya karatasi ambavyo mende walivigeuza chakula. Nilikuwa na mashine kuukuu ya ofisi moja iliyofungwa, kongwe kiasi kwamba ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai, ukanywa, ukarudi, bado inajikuna. Nikaufuta mfumo wake wa zamani nikaweka Linux, ambayo ni ya bure na ni nyepesi, na nikaigeuza lugha iwe Kiswahili ili Shangazi asisumbuke. Hilo la Kiswahili nilijivunia sana. Shangazi alimwona yule pengwini wa nembo ya Linux kwenye skrini akauliza, "Na huyu bata analinda nini humu?" Tangu siku hiyo kompyuta ikaitwa Bata.

Kila mteja akawa na folda yake ndani ya Bata. Humo kuna picha yake amevaa nguo ya kujaribia, vipimo, aina ya kitambaa, na mahali pa kumpelekea, kwa kuwa Shangazi nguo zake huzipeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Hatukuona ubaya wowote, mpaka Mwalimu alipokuja kwa mlango wa uani.

Mwalimu alikuwa anafundisha watoto wa chekechea. Mumewe ni mkandarasi wa majengo, mtu wa jina kubwa, anayesalimiwa na kila mtu njiani. Mwalimu alikuwa mteja wa siku nyingi, akapotea kidogo, kisha akatokea bila pete na bila simu, maana simu aliitupa asifuatiliwe, akiomba ashonewe magauni mapana mbele. Shangazi alizungusha tepu akaelewa kabla hajaambiwa. Halafu akamwambia ageuke apime mabega. Fundi wa nguo huonyeshwa migongo ambayo hata daktari hajaonyeshwa. Shangazi aliutazama mgongo ule, akaendelea kupima, na mkono wake, alivyoniambia baadaye, ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe.

"Niko kwa mtu," Mwalimu alimwambia, akataja mahali. "Usimwambie yeyote, Shangazi. Akinipata safari hii, nguo utakayonishonea ni sanda."

Kesho yake Shangazi akaniita. "Bata ana kufuli?"

Nikamwambia analo la mlangoni, lile neno unaloandika ukiiwasha, lakini halimzuii mtu mwenye nia. Akiitoa diski akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma kila kitu kana kwamba ni chake. "Dawa yake ni kuyasimba mafaili yenyewe," nikasema.

"Kuyafanyaje?"

"Kuyasimba. Chukua gauni, lifumue lote libaki uzi, halafu uuvuruge huo uzi. Mwizi akiiba ameiba uzi. Anayejua gauni lilikuwaje ni neno la siri peke yake. Ukiliandika, gauni linarudi kama lilivyokuwa. Ukifunga, uzi."

Akapenda. Mtu wa cherehani huwezi kumweleza jambo kwa lugha nyingine. Nikatengeneza folda ya namna hiyo, nikahamishia wateja wote ndani, nikazifuta zile za nje kabisa zisibaki nakala za kuzurura, kisha nikafika kwenye kile kidirisha cha neno la siri na kumpisha kitini.

"Lisiwe jina la mtu wala tarehe," nikamwambia. "Liwe refu, maneno kadhaa. Na ulikumbuke, maana ukilisahau mimi sina la kukusaidia, na hata waliotengeneza Linux hawana."

"Nikwambie na wewe, mwanangu?"

"Usiniambie. Nisichokijua hakitanitoka." Nikageuka nikatazama ukuta, mwenye adabu zangu. Nikasikia kidole kimoja kikidonoa kibodi, tk, tk, tk, mpaka Shangazi akasema, "Inaniambia nirudie."

"Rudia."

"Imekubali."

Nikaenda zangu kifua mbele. Nilijiona nimejenga ngome.

Mwezi uliofuata nilipita kumbadilishia kibodi, kwa sababu ya zamani ilikuwa na herufi zilizokwama kwa vumbi la chaki. Nikachomeka mpya nikamwambia aijaribu. Shangazi akafungua ile folda, kidirisha kikatokea, naye akaanza kuandika huku akinong'ona herufi moja moja, kama anavyohesabu tundu za vifungo. Ene. E. Ene. O. Nilikuwa nimegeukia ukuta tena, lakini masikio hayana pazia.

"Shangazi," nikasema, "unaandika nini hapo?"

"Kile inachoniomba."

Nikageuka. Kidirisha kilikuwa kimeandikwa kwa herufi nene, kwa Kiswahili changu kile nilichojivunia: *Andika neno la siri*.

"Imesema niandike neno la siri," Shangazi akanifafanulia taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. "Basi naandika. Neno. La. Siri. Si ulisema maneno kadhaa?"

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na kwa vile mimi hasira zangu ziko karibu kuliko vyote viwili, nikafoka. Nikamwambia amefunga mlango halafu ufunguo ameutundika kwenye kitasa. Nikamwambia mtu yeyote anayejua kusoma ataingia.

"Mbona mwezi mzima hajaingia mtu?" akauliza.

Swali lile lilinikasirisha zaidi. "Tunalibadilisha sasa hivi," nikasema. "Toka hapo." Nikaifunga folda. Nilikuwa natafuta mahali pa kubadilishia nilipohisi marashi. Yaliingia kabla ya mwenyewe, kama kawaida yake, na mwenyewe alikuwa mteja wetu tuliyemwita Bi Marashi, kitambaa chake cha gauni mkononi. Bi Marashi ni dada yake Mkandarasi. Nyuma yake aliingia Mkandarasi mwenyewe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Karibuni."

Alivua kofia. Viatu vyake vilikuwa safi, sauti yake ya upole, na alitazama chumba chote kama anayekikadiria bei ya kukibomoa. Akasema mkewe hayuko sawa kichwani, ametoroka nyumbani, na familia inamtafuta impeleke hospitali. "Dada yangu ameniambia bado anashona kwako."

Shangazi alimtazama Bi Marashi. Yule akainamisha macho kwenye kitambaa chake. "Kikulacho ki nguoni mwako," Shangazi akasema, si kwa ukali, kama mtu anayesoma saa. Kisha akamjibu Mkandarasi, "Ndiyo, anashona."

"Yuko wapi?"

"Hilo sisemi."

"Hujui?"

Mtu mwingine yeyote angesema sijui. Neno fupi, linajulikana na wote, halina gharama. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimsemee. Shangazi akasema, "Najua, baba. Sisemi."

Mkandarasi alitikisa kichwa taratibu, akarudi nyuma akafunga mlango, akasukuma komeo. Nikafikiria kupiga kelele. Lakini ningepiga kelele nikasema nini? Majirani wangekuja wangemkuta mtu anayeheshimika, kofia mkononi, anamtafuta mkewe mgonjwa. Wangekaa upande wake kabla hajamaliza kuwasalimu, na wangetushauri tumwonyeshe njia. Niliogopa, nasema wazi. Nikashika meza.

"Dada anasema unaweka kila kitu humu," Mkandarasi akasema, akaketi mbele ya Bata. Hakuwa mgeni wa kompyuta. Akashika kipanya, akaipata folda, akabonyeza. Kidirisha kikatokea, na mimi nikaona yale maneno yametanda usoni pake: *Andika neno la siri*.

"Neno la siri ni nini?" akauliza.

Shangazi alikuwa ameshika ncha mbili za tepu shingoni mwake kama mtu anayeshikilia kamba ya kisima.

Mkandarasi akauchukua mkasi mezani. Ni mkasi wa kitambaa, na ndani ya nyumba ile mkasi wa kitambaa haukati karatasi, kwa sababu karatasi huutia butu. Mimi niliwahi kuchapwa kwa kosa hilo na sikulirudia. Yeye akavuta karatasi ya mchoro wa gauni akaikata katikati, polepole, huku akimtazama Shangazi. Nilimwona Shangazi akifumba macho. Kisha akaenda kwenye kitambaa cheupe cha bibi harusi kilichokuwa kimetandikwa kwa ajili ya kukatwa, akakipasua kutoka pindoni hadi kati. Bi Marashi alisema, "Kaka." Hakumsikia, au hakutaka.

Kisha akanishika mkono wangu wa kulia, mimi, akaulaza juu ya meza kama anayenyoosha kitambaa, na akaufungua mkasi. Ile baridi ya chuma niliisikia chini ya kidole cha shahada. Hakuwa amekasirika kwa macho, na hilo ndilo lililonitisha.

"Huyu ni fundi," akasema. "Vidole anavihitaji. Neno la siri ni nini, Shangazi?"

Nilimwona Shangazi akinitazama. Najua alichokuwa anapima, na safari hii tepu haikumsaidia: upande mmoja Mwalimu na tumbo lake, upande mwingine mtoto wa kaka yake. Machozi yalimtoka. Nikatikisa kichwa, usiseme. Akasema.

"Neno la siri ni neno la siri."

Mkandarasi alimkazia macho. "Unanifanyia mzaha?"

"Sikufanyii mzaha, baba. Umeniuliza, nimekujibu. Neno la siri ni neno la siri."

"Najua ni neno la siri! Ni neno gani?"

"Ni hilohilo."

"Lipi?"

"La siri."

Aliupiga ubao wa meza kwa kiganja, pini zikaruka. Mkono wangu alikuwa ameuachia ili apate mkono wa kupigia, nami nikauficha kwapani. "Mwanamke mzima, mvi kichwani, unanichezea kitendawili?" Akarudi kwenye kibodi akaanza kuandika kwa fujo. Aliandika jina la mkewe. Skrini ikajibu: *Neno la siri si sahihi. Jaribu tena.* Akaandika sijui nini, jina la Shangazi, jina la mtaa. *Neno la siri si sahihi. Jaribu tena.* Kila mara kile kidirisha kilirudi na kumwambia kwa herufi nene cha kuandika, na kila mara akakipita kwa macho kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Sikuthubutu kuitazama skrini asije akayafuata macho yangu.

Aliyeitazama ni Bi Marashi. Alisoma kidirisha, akamtazama Shangazi, akakisoma tena, na midomo yake ikatembea bila sauti. Nikaona uso wake ukibadilika. Nikajua amejua.

Alimsogelea kaka yake mpaka akashika mgongo wa kiti. Damu nzito kuliko maji, nikajisemea, basi tumekwisha. Akafungua mdomo.

"Kaka, twende," akasema. "Tunapoteza muda. Hawa hawasemi."

"Basi nitaibeba yote. Nitatafuta mtu aifungue."

"Utatoka barabarani mchana kweupe umekumbatia kompyuta ya fundi cherehani? Watu wakuone? Kesho watasema umefilisika, unakamata vyombo vya wajane."

Hapo ndipo alipoguswa. Mtu yule hakuogopa kukata kidole, aliogopa kusemwa. Alisimama, akavaa kofia, akanyoosha kola yake mbele ya kioo cha Shangazi. "Nitarudi," akasema, tena kwa upole ule wa mwanzo.

"Tangulia garini," dada yake akamwambia. "Nipimwe, nisiwe nimekuja bure."

Akatoka. Bi Marashi aliingia nyuma ya pazia na Shangazi akamfuata na tepu yake, kwa mazoea tu nadhani, maana akili yake haikuwa kwenye nguo. Nilisimama karibu nao kuliko adabu inavyoruhusu.

"Libadilishe," Bi Marashi akanong'ona. "Leo. Sasa hivi nikitoka. Kaka yangu si mjinga, ana hasira tu. Akipoa atalisoma."

"Na wewe mbona hukumsomea?" Shangazi akauliza.

Honi ikalia nje.

"Nakaa nyumbani kwake," Bi Marashi akasema. "Chumba cha pili. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilikuwa naongeza sauti ya redio." Akajifuta uso kwa kile kitambaa cha gauni lake, akatoka, na nje nikamsikia akimcheka kaka yake kwa sauti kuhusu jambo jingine kabisa.

Niliruka kwenye kiti. Kubadilisha neno la siri si kazi ndefu, mafaili hayasimbwi upya, ni kama kubadilisha zipu ukaliacha gauni. Nikafika kwenye kidirisha kinachodai neno jipya, nikampisha Shangazi.

"Tafadhali," nikamwambia, "safari hii usiandike inachokwambia."

"Nimeelewa, mwanangu. Si mjinga, ni mtii."

Akaandika. Akarudia. *Hayafanani*, ikasema. Akaandika tena, akakosea tena. Gari likapunguza mwendo nje na wote wawili tukageukia mlango. Lilikuwa la muuza magodoro. Shangazi akafunga macho, akavuta pumzi, akaandika upya, kidole kimoja, tk, tk, tk, muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza. Ikakubali.

Nilitaka tukimbilie kwa Mwalimu kumwonya. Shangazi akakataa. "Kama kuna mtu wa kutufuata, tutakuwa tumempeleka mlangoni kwa miguu yetu." Alisema kweli. Tukakaa. Akaokota pini moja moja, akakikunja kile kitambaa cheupe kilichopasuka, akaupaka mkasi mafuta.

Mkandarasi alirudi kabla jua halijazama, peke yake, na alikuwa anatabasamu. Hasira hasara, wamesema wahenga, na yeye alikuwa ameshaihesabu hasara yake akaiacha njiani.

"Nilikuwa kwenye foleni ya mafuta," akasema akiketi mbele ya Bata bila kukaribishwa, "nikaanza kucheka peke yangu. Watu wakanitazama. Ulikuwa unaniambia kweli, Shangazi. Mji mzima wanasema huyu mama hajui uongo, na mimi nikakasirika bure." Akabonyeza folda. Kidirisha kikaja. Akanionyesha kwa kidole, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. "Neno. La. Siri." Akaandika taratibu, akabonyeza.

Kisha akasoma kwa sauti kilichotokea. "Neno la siri si sahihi."

Aliandika tena, akiunganisha maneno. Akaandika kwa herufi kubwa. Majibu yakawa yaleyale. Tabasamu likamtoka kidogo kidogo, na alipokigeuza kiti kututazama halikuwepo tena.

"Mmelibadilisha," akasema. "Lilikuwa hilo, na mmelibadilisha. Sasa, nani aliwashtua?" Alingoja. "Mimi nilitoka. Dada yangu alibaki."

Mwalimu alikuwa salama ndani ya ule uzi uliovurugwa, hilo sikuwa na shaka nalo. Lakini Bi Marashi alikuwa anarudi usiku huo kulala nyumba moja na mtu huyu, na hapakuwa na neno la siri la kumfungia ndani. Nikamtazama Shangazi. Nilijua kinachokuja. Ataulizwa, atajibu, kwa sababu yeye ndivyo alivyo.

"Aliwashtua yeye?" Mkandarasi akauliza.

Shangazi alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka namna ile, kwa kinywa tu.

"Baba," akasema, "yaani umerudi mpaka hapa kwa ajili ya lile? Nifunge mlango halafu nikwambie ufunguo ni ufunguo, na wewe ukaamini? Ulinikatia karatasi kwa mkasi wangu, nami nikakukera. Halijawahi kuwa hilo hata siku moja."

"Na dada yangu alibaki kufanya nini?"

"Kupimwa. Hukumwona na kitambaa? Kiuno kimeongezeka, hakutaka ukisikie." Na akamtajia namba. Akaitamka kwa sauti, wazi, kipimo cha mwanamke mbele ya mwanamume, na hakikuwa kipimo chake, maana nyuma ya lile pazia tepu haikuzungushwa hata mara moja. "Amekula vizuri nyumbani kwako," akaongeza. "Usimwambie nimesema, nitapoteza mteja."

Mchana Mkandarasi aliambiwa ukweli mtupu akauona mzaha. Sasa nilimwona akiupokea uongo mzima mzima, na kuumeza, na kuridhika nao, kwa sababu ulifanana na kile alichokuwa ameamini tangu mwanzo: kwamba bibi huyu alimchezea. Kuchezewa na bibi kulimuuma, lakini kulimuuma kidogo.

"Kiuno," akasema, akaguna. Akainuka. Mlangoni akageuka. "Atajitokeza tu. Na wewe utachoka kushona bure."

Shangazi alisimama pale pale mpaka sauti ya gari ikapotea, kisha akaniuliza kama limekwenda kweli, na nilipomwambia limekwenda, akakaa ghafla kwenye kiti cha Bata kama aliyekatwa nyuzi. Nilimpenda mno saa ile na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilitaka kumwambia amefanya vizuri.

"Usiniambie nimefanya vizuri," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimefanya. Basi."

Akaivuta kibodi. Aliandika lile neno jipya midomo ikiwa imefungwa, na folda ikafunguka, wateja wote wakarudi kutoka kwenye uzi, majina na mabega na viuno. Akaitafuta moja. Picha ya Mwalimu ikajaa skrini: amevaa gauni pana ambalo lina pini begani, mkono mmoja umeshika tumbo, anacheka kitu alichoambiwa na mpiga picha. Shangazi aliitazama muda mrefu, akiigusa skrini kwa kidole kwenye mshono wa kwapa, pale palipokuwa panavuta.

"Bado yupo," akasema.

Kisha akaifunga, akahakikisha imefungwa, akavuta cherehani karibu, kwa sababu gauni lile lilikuwa halijapigwa pindo.